Barakoa Darasani: Ufunguo au Komeo?

(Hotuba aliyoitoa mmoja wa wanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka, mbele ya walimu, wazazi na wanafunzi. Tunaichapa hapa kama alivyoisema.)

Bwana Mwenyekiti, Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi, wanafunzi wa zamani wenzangu, na nyinyi vijana wetu mlioketi huko nyuma karibu na mlango ili muwe wa kwanza kutoka kengele ya chakula itakapolia:

Naishukuru kamati kwa kunipa heshima hii. Kwa wasionijua, mimi nilimaliza Kidato cha Nne hapa mwaka 1977, kisha nikasomea kazi ya afya, na kwa zaidi ya miaka thelathini nilikuwa yule mtu ambaye watu wa vijijini humwita Bwana Afya. Kazi ya Bwana Afya si kazi ya kupendwa. Akionekana tu njiani na baiskeli yake, mwenye hoteli hukimbilia kufunika maandazi, na mwenye nyumba hukumbuka ghafla kwamba choo hakijafagiwa. Kwa hiyo nimezoea kusema mambo ambayo wasikilizaji wangependa kuyasikia siku nyingine, na leo nawaombeni mnivumilie.

Nimepewa swali moja: Je, yafaa wanafunzi wavae barakoa shuleni wakati wa janga la ugonjwa wa kuambukiza? Nimeambiwa kwamba muhula uliopita vijana walilijadili swali hili katika chama chao cha mijadala, na kwamba pande mbili zilivutana mpaka taa zikazimwa bila ya mshindi kujulikana. Mwalimu mlezi wa chama amenipa kwa hisani yake karatasi yenye hoja za pande zote mbili. Nimeisoma, na nataka kuwapongeza waliosema, maana hoja zao zilikuwa nzito kuliko nyingi nilizozisikia kwa watu wazima.

Huenda mtu akauliza: mbona tuzungumze habari hizi sasa? Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba dharura ya korona imekoma. Barakoa zetu zimekuwa vitambaa vya kufutia baiskeli. Nami najibu kwamba wakati huu ndio wakati wake hasa. Kanuni inayotungwa wakati watu wana hofu hutungwa na hofu. Inayotungwa wakati wa utulivu hutungwa na akili. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huzibwa wakati wa kiangazi. Hakuna ajuaye ugonjwa mwingine wa namna hii utakuja lini, lakini historia ya binadamu yatuonyesha kwamba huja.

Basi nitatoa jibu langu mapema, ili atakayesinzia asikose kitu. Jibu langu ni ndiyo, lakini ni ndiyo yenye masharti. Barakoa shuleni ni ufunguo wa kufungulia mlango wa darasa wakati ambapo bila ya hiyo mlango ungefungwa. Siku inapogeuka kuwa komeo la kumfungia mtoto nje, imekwisha kazi yake, hata kama imeshonwa kwa hariri.

Kwa sisi watu wa pwani neno lenyewe si geni. Bibi zetu walilijua zamani kabla ya korona. Barakoa kilikuwa ni kifuniko cha uso walichokivaa wanawake wa Oman na wa Unguja, na picha za kale za mabibi wa jamaa ya kifalme ya Unguja zawaonyesha wamekivaa. Lilikuwa ni vazi la heshima na daraja. Mwaka 2020 neno hilo lilitolewa sandukuni likapewa kazi mpya, na sasa hata mtoto wa bara ambaye hajaiona bahari analijua.

Kazi hiyo mpya nayo si mpya sana. Mwishoni mwa mwaka 1910, huko Manchuria, kaskazini-mashariki ya Uchina, kulizuka tauni ya mapafu katika mji wa Harbin. Serikali ya Uchina ilimtuma daktari kijana aliyeitwa Wu Lien-teh, mzaliwa wa Penang aliyesoma Cambridge, ambaye alikuwa na umri wa miaka 31 tu. Madaktari wengi wakati ule waliamini kwamba tauni huletwa na viroboto wa panya, na kwa tauni ya kawaida ndivyo ilivyo. Wu alichunguza akasema: hii ya hapa yapita kwa pumzi, kutoka mtu hadi mtu. Akaamuru madaktari, wauguzi na wahudumu wavae barakoa za shashi na pamba. Daktari mmoja Mfaransa, Gérald Mesny, mtu mzima mwenye uzoefu mkubwa, hakukubali kufundishwa na kijana. Aliingia wodini kuwaona wagonjwa bila ya barakoa. Baada ya siku chache, mwezi Januari 1911, alikuwa amekufa kwa tauni ile ile.

Nyinyi vijana mtaipenda hadithi hii kwa kuwa ndani yake kijana ndiye aliyekuwa na haki. Lakini mie naitoa kwa sababu nyingine. Watu wapatao 60,000 walikufa katika tauni ile, na ilipokoma mwaka 1911, haikukomeshwa na barakoa peke yake. Wu alitenga wagonjwa, akawazuia wasafiri wa treni, akaomba ruhusa ya kuchoma maiti zilizorundikana kwa kuwa ardhi ilikuwa imeganda kwa baridi. Barakoa ilikuwa ni askari mmoja katika kikosi. Tangu siku hiyo mpaka leo, wanaoitukana barakoa na wanaoiabudu hukosea kwa namna moja: wote huitazama peke yake.

Sasa tuje kwenye hoja za vijana. Upande wa kupinga ulikuwa na hoja tatu, nami nitazichukua moja moja.

Hoja ya kwanza ni kwamba korona haikuwa ikiwaua watoto, basi kwa nini wabebeshwe mzigo wa kujikinga? Ni kweli kwamba watoto wengi walioambukizwa waliugua kidogo tu, au hawakujua kabisa kwamba wanaumwa, na kwamba waliokufa kwa wingi ni wazee na wenye maradhi mengine. Lakini mtoto haishi kisiwani. Shuleni yumo mwalimu mwenye miaka 55 na kisukari. Jikoni yumo mpishi. Na siku ya kufunga shule, kijana wa bweni atapanda basi kwenda kwa bibi yake, atamkumbatia, na watalala nyumba moja. Kazi kubwa ya barakoa ni kuzuia kinachotoka kinywani na puani mwa aliyeivaa kisiwafikie wengine, na kwa kiasi fulani humkinga naye pia. Kwa hiyo mwanafunzi anapovaa barakoa, mara nyingi humvalia mtu mwingine. Hilo si jambo la ajabu kwetu. Mila zetu zote za adabu ni mambo tunayoyafanya kwa ajili ya mwingine: twavua viatu mlangoni si kwa raha ya miguu yetu, bali kwa heshima ya mkeka wa mwenye nyumba.

Tena tukumbuke kwamba ugonjwa ujao si lazima ufanane na huu. Mafua makubwa ya mwaka 1918 yaliwaua sana vijana wenye nguvu, wa miaka ishirini hadi arobaini. Kanuni ya shule haifai kutungwa kana kwamba kila janga litawahurumia vijana.

Hoja ya pili ilikuwa kwamba hakuna ushahidi kuwa barakoa zasaidia. Hapa naomba tuwe waangalifu, kwa maana wapo waliosema zasaidia kama ngome, na wapo waliosema ni bure kabisa, na pande zote mbili walikuwa na utafiti wa kutuonyesha.

Kule Bangladesh, katika miaka ya 2020 na 2021, watafiti walichukua vijiji 600 vyenye watu wazima zaidi ya 340,000. Katika nusu ya vijiji waligawa barakoa bure na kuwahimiza watu wazivae. Uvaaji ulipanda kutoka watu 13 katika kila 100 hadi 42. Katika vijiji vilivyopewa barakoa za hospitali, wagonjwa wenye dalili waliothibitishwa kwa kipimo cha damu walipungua kwa asilimia 11 hivi, na kwa wazee wa zaidi ya miaka 60 walipungua kwa asilimia 35. Barakoa za kitambaa hazikuonyesha faida iliyo wazi kama hiyo. Lakini angalieni: hao walikuwa watu wazima, na zaidi ya nusu yao bado hawakuvaa.

Kwa wanafunzi, liko jambo lililotokea Massachusetts, Marekani. Mwezi Februari 2022 jimbo lile liliondoa amri ya barakoa mashuleni. Wilaya nyingi za karibu na mji wa Boston ziliacha mara moja au baada ya wiki chache, na mbili tu, Boston na Chelsea, ziliendelea. Watafiti walihesabu wagonjwa kwa wiki 15, wakaona kwamba zilizoacha zilipata wagonjwa 45 hivi zaidi katika kila wanafunzi na wafanyakazi 1,000. Wengine wamejibu kwamba wilaya zile zilitofautiana kwa mambo mengi mengine, si barakoa tu, na jibu hilo lina uzito.

Na Catalonia, Uhispania, mwishoni mwa mwaka 2021, watoto wa miaka 6 na zaidi walilazimika kuvaa barakoa darasani, wa miaka 5 hawakulazimika. Watafiti waliangalia habari za watoto karibu 600,000 wa shule za chekechea na za msingi. Walipowalinganisha wa miaka 5 na wa miaka 6, hawakuona tofauti ya maana.

Je, habari hizi zapingana? Kwangu mimi hapana. Mtu wa afya akiziweka mezani pamoja husoma hivi: barakoa nzuri, ikivaliwa vizuri, na watu walio wengi, hupunguza maambukizo, haiyamalizi. Barakoa ya mtoto mdogo anayeishusha kidevuni, anayeitafuna, anayebadilishana na mwenzake kwa kuwa ya mwenzake ina picha ya simba, hufanya kazi ndogo sana. Kwa hiyo umri ni jambo kubwa. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF, mwezi Agosti 2020, walishauri kwamba watoto wa miaka 5 na chini yake wasilazimishwe kuvaa. Wa miaka 6 hadi 11 itazamwe hali ya ugonjwa mahali pale, uwezo wa mtoto kuivaa sawasawa, na kama yupo mtu mzima wa kumwangalia. Wa miaka 12 na zaidi wavae kama watu wazima wavaavyo. Vijana wa shule hii, nyinyi mko katika fungu hilo la tatu. Mkitaka kuhesabiwa wakubwa siku ya kupiga kura ya kiranja mkuu, mhesabiwe wakubwa pia siku ya barakoa.

Hoja ya tatu ya wapinzani ilikuwa ya gharama na ya masomo, nayo ndiyo iliyonigusa zaidi. Kijana mmoja aliandika maneno machache tu: “Mvulana aliyekosa kalamu huazimwa kalamu. Aliyekosa barakoa alirudishwa nyumbani.”

Ndugu zangu, kijana yule amegusa kidonda chenyewe. Tukumbuke yaliyopita. Mgonjwa wa kwanza wa korona hapa Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020, na siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta akatangaza kufungwa kwa shule. Mwezi Aprili ikatoka sheria ya kuvaa barakoa mahali pa watu wengi, na adhabu yake faini isiyozidi shilingi 20,000 au kifungo kisichozidi miezi 6. Tarehe 12 Oktoba 2020 walirudi wa Gredi ya 4, wa darasa la 8 na wa Kidato cha Nne. Wengine wote walingoja hadi tarehe 4 Januari 2021. Ilikuwa karibu miezi kumi. Jirani zetu wa Tanzania walifunga Machi 2020 na kufungua shule zote tarehe 29 Juni mwaka ule ule. Uganda nao walifunga Machi 2020, wakafungua baadhi ya madarasa na kuyafunga tena, mpaka shule zote zilipofunguliwa tarehe 10 Januari 2022. Hesabu yake ni zaidi ya wiki 80 za kufungwa kote au nusu, na hakuna nchi duniani iliyowakalisha watoto nyumbani muda mrefu kuliko huo.

Walimu mlioko hapa mwajua miezi kumi ilifanya nini. Wapo wasichana waliorudi wakiwa wajawazito, na wapo ambao hawakurudi. Wapo wavulana waliozoea kushika pesa za bodaboda, za kuvua samaki, za kuchimba mawe, na darasa likawa dogo machoni mwao. Hasara hiyo haipimwi kwa kipimo cha hospitali. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba kwa kuvaa barakoa tutafungua shule mwezi mmoja mapema, mimi nitaivaa mbili. Hiyo ndiyo maana ya ufunguo.

Lakini sikilizeni na upande wa komeo. Mwaka 2021, katika shule moja ya msingi ambayo sitaitaja, nilisimama langoni asubuhi nikitazama watoto wakiingia. Bawabu alikuwa amepewa amri asimpitishe mtoto asiye na barakoa, naye aliishika amri yake kwa uaminifu. Mtoto mmoja aliingia, akazunguka nyuma ya ua wa michongoma, akavua barakoa yake, akampitishia mwenzake aliyekuwa nje. Yule naye akaivaa, akaingia, akazunguka, akaivua. Kwa muda mfupi nilihesabu barakoa moja ikiwaingiza watoto wanne. Bawabu aliridhika, maana kila aliyepita alikuwa amefunika uso. Na ugonjwa, kama ungalikuwapo, ungalisafiri bure kutoka pua moja hadi ya nne.

Watoto wale hawakuwa wakaidi. Walikuwa wanataka kusoma. Kosa lilikuwa la amri iliyodai kitu bila ya kukitoa. Mzazi mwenye watoto watano wa shule, anayeishi kwa kuuza mkaa kwa kipimo cha kopo, aliambiwa anunue barakoa tano, na za akiba za kubadilisha, katika miezi ile ile ambayo biashara yake ilikuwa imekufa. Barakoa zikawa nauli ya kuingilia shuleni. Na kanuni ya afya inayogeuka nauli haimkingi mtu. Inamchagua tu nani aingie.

Kwa hiyo upande wa kuunga mkono walisema kweli waliposema barakoa huweka shule wazi, na upande wa kupinga walisema kweli waliposema barakoa hufunga shule kwa maskini. Lakini kila upande ulikuwa ukizungumzia shule yake. Kazi yetu ni kuamua shule hii itakuwa ya namna gani.

Kabla ya kutoa mapendekezo yangu, liko jambo moja ambalo halikutajwa na upande wowote, nalo ni bweni. Hii ni shule ya bweni. Mvulana atavaa barakoa darasani kuanzia asubuhi hadi alasiri, kisha ataivua alale katika kitanda kilicho karibu na cha mwenzake hata wakinyosha mikono wanagusana, madirisha yamefungwa kwa kuogopa mbu. Chakula nacho hakiliwi na barakoa usoni. Ukiziba mtungi juu na chini umepasuka, maji yatamwagika yote. Janga likija, bweni na bwalo ndipo mahali pa kwanza pa kutazamwa: vitanda vitengwe, madirisha yafunguliwe na vyandarua vitundikwe, wanafunzi wale kwa zamu. Hewa inayopita haina bei dukani. Shule yetu imejengwa juu ya kilima chenye upepo wa bahari, na miembe iliyopandwa na waliotutangulia ina kivuli cha kutosha madarasa kadhaa. Mahali penye upepo na nafasi, wakati wa joto letu la Februari, barakoa iliyoloa jasho ni mateso yasiyo na faida kubwa. Ivuliwe hapo, ivaliwe ndani.

Sasa mapendekezo. Naomba chama chetu na bodi ya shule wayafikirie leo, wakati hatuna hofu.

Kwanza, amri ya barakoa iwe na mwanzo na mwisho. Ianze pale wenye mamlaka ya afya watakapotangaza kwamba ugonjwa unaopita kwa hewa umeingia sehemu zetu, na ipitiwe upya kila baada ya wiki nne. Sisi tuliokuwa hapa mwaka 1977 twakumbuka chanjo za ndui. Mgonjwa wa mwisho wa ndui ya kawaida duniani alipatikana Merca, Somalia, mwezi Oktoba mwaka ule, na baada ya kuthibitishwa kwamba ugonjwa umekwisha, mataifa yaliacha kuchanja. Kanuni njema hujua kustaafu.

Pili, anayetoa amri atoe na barakoa. Chama cha wanafunzi wa zamani kiweke katika stoo ya shule akiba ya barakoa za hospitali za kutosha kila mwanafunzi, kila mwalimu na kila mfanyakazi kwa mwezi mmoja wa kwanza, na zikikaribia kuchakaa zipewe zahanati ya jirani, zinunuliwe nyingine. Zikiisha na mpya hazijapatikana, zishonwe za kitambaa chenye tabaka tatu. Si nzuri kama zile, lakini ni bora kuliko kukaa uso mtupu katika chumba kilichojaa.

Tatu, na hili ndilo naliweka mbele ya yote: pasiwe na mwanafunzi yeyote wa shule hii atakayerudishwa kutoka langoni kwa kukosa barakoa. Bawabu awe na boksi la barakoa, si fimbo. Asiye nayo apewe, aingie, akasome.

Nne, walimu watangulie. Mwalimu anayeingia darasani barakoa ikiwa kidevuni amekwisha kufundisha somo lake kabla ya kushika chaki.

Tano, wawepo wanaosamehewa, na wasamehewe bila ya kuaibishwa. Yupo mwenye pumu kali ambaye daktari amemwandikia. Yupo mwenye ulemavu asiyeweza kuivua mwenyewe. Yupo asiyesikia vizuri ambaye husoma midomo ya mwalimu, na kwa huyo mwalimu asogee mbali, afungue madirisha, afunue uso aseme. Mwalimu wa lugha naye apate nafasi kama hiyo nje chini ya mwembe, maana matamshi hayafundishwi nyuma ya pazia.

Mtu atasema: Bwana Afya, hayo yote ni gharama. Ni kweli. Lakini tumechangia jezi za mpira, tumechangia kupaka rangi ukumbi huu, na mwaka jana tulichangia jiwe lenye majina yetu wenyewe. Boksi la barakoa halitaandikwa jina la mtu, nalo ndilo litakalomwingiza darasani mtoto wa muuza mkaa. Mimi nimekwisha kumkabidhi mweka hazina mchango wangu wa kwanza asubuhi hii, na namwomba asiutaje ni kiasi gani, maana pensheni ya Bwana Afya yajulikana.

Kwenu vijana, nina neno moja la mwisho. Janga jingine likija, huenda sisi wenye mvi tusiwepo. Mmoja wenu atakuwa ndiye Mwalimu Mkuu, mwingine mkuu wa afya wa kaunti, mwingine waziri. Mtaletewa karatasi ya amri mtie sahihi. Kabla ya kutia sahihi, jiulizeni maswali mawili. La kwanza: je, amri hii itaweka mlango wazi kwa watoto wengi zaidi, au wachache? La pili: je, aliye maskini kuliko wote katika shule ile ataitii kwa kitu gani? Mkiwa na majibu ya maswali hayo mawili, tieni sahihi bila ya woga, iwe mnaamuru barakoa zivaliwe au zivuliwe.

Bwana Mwenyekiti, nasikia sufuria zinagongana huko jikoni, na wale wa karibu na mlango wamekwisha kuinuka nusu.